Vidonge Visivyo na Jina

Katika karakana ile ya mito na magodoro, kupiga chafya hakukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Ilikuwa sehemu ya kazi, kama jasho kwa mkulima. Sufi ililetwa kwa marobota, ikamwagwa sakafuni, na wanawake sita wakakaa kuizunguka wakiichambua kwa vidole, wakitoa mbegu na vijiti, wakiipigapiga kwa fimbo mpaka ikaumuka kama povu. Vumbi lake halikuwa kama vumbi la barabarani, ambalo humwangukia mtu na kumwacha. Lile lilielea. Lilikaa hewani kutwa nzima, jeupe, jepesi, likingojea pua ya mtu.

Aliyepata taabu kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja ambaye wenzake walimwita Chafya. Alianza saa mbili asubuhi, moja, mbili, tatu, na wenzake wakimhesabia kwa sauti mpaka ya kumi na moja, kisha wakapiga makofi. Naye alicheka pamoja nao, machozi yakimtoka. Jina la utani ni kama kiraka: ukihangaika kulificha ndipo watu wanapoliona.

Juu ya rafu, karibu na mlango, palikuwa na mkebe uliowahi kuwa wa biskuti. Huo ndio uliokuwa hospitali yao. Kila aliyebakiwa na vidonge nyumbani alivileta, akavitoa kwenye karatasi zake ili visichukue nafasi, akavitia humo. Sheria ilikuwa moja tu: ukichukua kimoja leo, siku nyingine urudishe kimoja. Hakuna aliyeuliza urudishe cha nini. Mlezi wa mkebe alikuwa mchambuaji mkongwe kuliko wote, waliyemwita Shangazi, naye aliwagawia kwa rangi.

"Mafua? Cha njano. Kichwa? Cheupe cha duara. Mafua yenye kichwa ndani yake? Cheupe kirefu. Haya, meza, vumbi halikungoji."

Chafya alikuwa akila vidonge vya mkebe ule tangu msimu wa sufi ulipoanza. Siku alipojua kwamba ana mimba alifurahi hata akasahau kula chakula cha mchana, lakini kidonge hakukisahau. Alipokwenda kliniki kuandikishwa, aliulizwa dawa anazotumia, akajibu hakuna. Wala hakukusudia kudanganya. Vidonge vya mkebe hakuvihesabu kuwa dawa. Dawa ni ile unayoandikiwa. Ile ya mkebe ilikuwa ni kitu cha kazini, kama fimbo na sindano.

Hata ile pampu ndogo ya bluu ya kuvuta dawa, aliyopewa miaka mingi iliyopita kwa ajili ya kifua, hakuitaja. Aliitumia mara chache, siku ambazo kifua kilimbana hata akapumua kwa mluzi. Aliulizwa kama ana ugonjwa wowote, akasema, "Sina, namshukuru Mungu."

*

Mume wake alikuwa kinyozi, na watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Kinyozi. Banda lake la kunyolea lilikuwa mbele ya nyumba, hivyo safari yake ya kurudi kutoka kazini ilikuwa hatua nane. Katika hatua hizo nane alirudi na nywele za watu kwenye kola na maneno ya watu masikioni. Nywele alizikung'uta mlangoni. Maneno aliingia nayo ndani.

"Leo nimemnyoa fundi bomba," alisema siku moja, akinawa mikono kabla ya kula. "Shemeji yake amejifungua. Mtoto mdomo wa juu umepasuka mpaka puani."

"Maskini wee," Chafya akasema.

"Wanasema ni dawa. Mama yake alikuwa akimeza vidonge vya mafua huku ana mimba. Vidonge tu, hivi vya kawaida."

Mama yake Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na dirisha. Alifungua kikebe chake cha ugoro, akachukua kidogo kwa vidole viwili, akavuta, akapiga chafya moja safi ya kuridhika.

"Si nasema kila siku?" alisema akijifuta. "Dawa ni sumu iliyovaa koti jeupe. Mimi nimezaa watoto watano, sikumeza hata kidonge kimoja. Sala na maji ya moto, basi."

"Na ugoro," Kinyozi akasema.

"Ugoro ni jani. Jani ameliumba Mungu. Hicho kidonge chako kimeota kwenye mti gani?"

Kinyozi alicheka hata akapaliwa. Chafya hakucheka. Alikuwa anapakua, na mkono ulisimama juu ya sahani. Moyoni alikuwa akihesabu. Cha njano, kila siku ya kazi, miezi mitatu na zaidi. Cheupe kirefu, mara mbili, zile siku ambazo kichwa kilimgonga hata hakuona mbegu kwenye sufi. Mara mbili. Au tatu?

"Nawe mwanangu?" mamamkwe alimgeukia. "Huko kwenye vumbi lenu, humezi kitu?"

"Simezi, mama."

Uongo ule ulitoka mwepesi kuliko pumzi. Hakuwa mwongo, alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husema lile litakalomfikisha kesho. Mwaka uliotangulia mimba yake ya kwanza iliharibika, na hakuna aliyejua sababu. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Ila mamamkwe aliacha kumwita mwanangu kwa siku saba, kisha akaanza tena kana kwamba hakukuwa na kitu. Siku zile saba Chafya alizikumbuka kuliko damu yenyewe.

Jioni ile, alipokuwa akioga, alipitisha kidole juu ya mdomo wake mwenyewe, kutoka kona mpaka kona, polepole, akitafuta mahali mdomo wa mtoto ungeweza kupasuka.

*

Kesho yake alipitia duka la dawa akitoka kazini. Mbele ya kaunta palikuwa na foleni ya watu watano. Alingoja mpaka wote wahudumiwe ili aulize peke yake, lakini kila mmoja alipoondoka aliingia mwingine, na mwishowe zamu yake ikafika foleni ikiwa bado nyuma yake. Aliinama mpaka kidevu kikagusa kioo.

"Nataka kuuliza," alinong'ona. "Mtu akiwa na mimba, akimeza dawa ya chafya, kuna ubaya?"

"Dawa gani?" akauliza muuzaji, msichana mwenye miwani.

"Ya njano. Ndogo."

"Dawa zina majina, mama. Inaitwaje?"

"Sijui."

"Niletee karatasi yake nisome."

"Haina karatasi. Ilikuwa kwenye mkebe."

"Mkebe?" Muuzaji aliinua sauti, si kwa ubaya bali kwa mshangao, na mshangao una sauti kubwa kuliko ubaya. "Una mimba, mama, halafu unameza vidonge vya mkebe?"

Foleni nzima ilitazama. Mzee mmoja alitikisa kichwa. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alirudi nyuma hatua moja na kumvuta mtoto upande wa pili, kana kwamba ujinga unaambukiza kama surua.

Muuzaji aliona alichokifanya, akashusha sauti. "Dawa isiyo na jina siwezi kuijibu. Nikikwambia haina neno nitakuwa nabahatisha, nikikwambia mbaya pia nitakuwa nabahatisha. Nenda kliniki, waeleze kila kitu, usifiche hata kimoja. Sawa?"

"Sawa," Chafya alisema, na alipotoka nje alijua kwamba hatakwenda. Kliniki walikuwa wameandika kwa wino kwamba hatumii dawa yoyote. Angeanzaje? Na ikiwa watamwambia kwamba ameshamharibu mtoto, angerudi vipi nyumbani, aketi mbele ya kigoda kile?

*

Asubuhi, Kinyozi akiwa amekwenda kufungua banda na mamamkwe akiwa uani anaanika nguo, Chafya alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa mtu wa kusali, na Mungu alimjua kwa sauti. Lakini siku hiyo hakusali kama mtoto anayezungumza na baba yake. Alisali kama mtu aliyekamatwa sokoni.

"Ee Mungu, nilimeza bila kujua. Usimhesabie mtoto. Kuanzia leo hakuna dawa itakayoingia kinywani mwangu mpaka nijifungue. Iwe ya kumeza, iwe ya kunywa, iwe ya kuvuta. Naweka nadhiri. Na nikiivunja..."

Hapo alisita. Alidhani nadhiri isiyo na adhabu haina uzito.

"Nikiivunja, umchukue."

Mara tu neno lilipotoka alitamani kulirudisha. Alijifunika kinywa kwa mikono miwili. Lakini neno likishatoka ni kama sufi iliyotupwa kwenye upepo, nani ataiokota yote? Aliinuka. Alichukua ile pampu ya bluu, akaizungushia kitambaa, akaisukuma chini kabisa ya sanduku la nguo, chini ya vitu vidogo vya mtoto ambavyo vilinunuliwa mwaka jana na havikuvaliwa.

Ndipo shida ilipoanza kweli. Siku ya kwanza bila kidonge alipiga chafya mpaka wenzake wakachoka kuhesabu. Siku ya tatu macho yalivimba. Siku ya tano kifua kilianza kupiga mluzi.

"Njoo uchukue cha njano," Shangazi akamwita. "Umeudhika na mkebe wangu?"

"Nimeacha, Shangazi."

"Umeacha kumeza au umeacha kupumua? Maana nakusikia kutoka huku."

Wenzake walicheka. Chafya alimwendea msimamizi, akaomba ahamishiwe chumba cha kushonea, ambako hewa ilikuwa safi. Msimamizi alimtazama pua, kisha macho, kisha akarudi kwenye pua.

"Kule foronya ni nyeupe," alisema. "Mteja akikuta kamasi kwenye foronya, nimweleze nini? Funga kitambaa, uendelee."

Akafunga kitambaa. Nyumbani alijitahidi kupumua kimyakimya. Alijifunza kuvuta hewa kidogokidogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Alilala amekaa, akisingizia kiungulia. Kila mamamkwe alipofungua kikebe cha ugoro, yeye alitoka nje kwa kisingizio cha maji, cha nguo, cha kuku wa jirani. Kila alipoamka alitia mkono tumboni na kumwambia mtoto, "Vumilia. Tunalipa." Hakujua ni nani hasa aliyekuwa akilipa.

*

Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, robota jipya lilifunguliwa. Lilikuwa limekaa ghalani muda mrefu, na lilipokatwa kamba lilitoa vumbi kama moshi. Chafya alipiga chafya mara mbili. Ya tatu haikuja. Alifungua kinywa kuivuta hewa na hewa haikuja. Alijaribu tena. Kilichoingia kilikuwa chembamba kama uzi, na kilichotoka kilikuwa mluzi.

"Jamani, Chafya!" mmoja akapiga kelele.

Shangazi alikuja na mkebe mkononi, vidonge vikigongana ndani. "Cha njano, mwanangu, fumbua mdomo."

Chafya alitikisa kichwa. Alikaza midomo na kuusukuma mkebe kwa kiganja, na vidonge vitatu vikaanguka ndani ya sufi vikapotea.

Walimbeba mpaka barabarani. Mmoja alitangulia mbio mpaka kwa Kinyozi, ambaye alitoka bandani na wembe mkononi, na nyuma yake mteja wake, bwana mzima mwenye shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja tu. Mteja huyo ndiye aliyekuwa na gari.

"Ingieni!" alisema. "Nywele zitangoja."

Mamamkwe aliingia bila viatu. Njia nzima alimshika Chafya mkono na kumwambia, "Pumua, mwanangu, pumua," kana kwamba Chafya alikuwa amekataa kwa ukaidi. Na katika jambo moja alikuwa amekataa kweli.

*

Nesi aliyewapokea kliniki alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya utulivu. Hakuuliza maswali mengi. Alimkalisha Chafya wima, akaweka dawa kwenye kikombe cha plastiki chenye barakoa na mrija, akawasha mashine, na mvuke ukaanza kutoka. Alipomsogezea barakoa usoni, Chafya aligeuza uso ukutani.

"Mama, vuta hii. Ni ya kufungua kifua."

Chafya alikaza midomo. Kucha zake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi.

"Mama, nisikilize. Mtoto wako hana pua huko ndani. Pua yake ni yako. Ukijinyima hewa wewe, na yeye umemnyima. Dawa hii wajawazito wanaivuta kila siku. Kinachomdhuru mtoto ni huku kukosa hewa."

"Nime... weka..." Chafya alisema, neno moja kwa pumzi moja. "Nadhiri."

"Nadhiri gani?"

"Dawa... isiingie. Nilimeza... za mkebe. Nikivunja... amchukue... mtoto."

Wembe ulimwanguka Kinyozi sakafuni. Alikuwa bado ameushika muda wote ule bila kujua.

Mamamkwe alisimama katikati ya chumba, miguu mitupu, kikebe cha ugoro kikionekana kwenye pindo la nguo. Alimtazama mkwewe, na wote walioutazama uso wake waliona namna neno lililosemwa kwa mzaha linavyoweza kumrudia mtu. Alikwenda kitandani, akamshika Chafya kidevu, kama anavyoshikwa mtoto anayekataa uji.

"Nani aliyekutia hofu hii? Usinijibu, hewa huna. Ni mimi. Mimi na mwanangu na fundi bomba wake. Basi nadhiri hii si yako. Naichukua mimi."

Aliinua uso kwenye dari, palipokuwa na doa la maji na feni isiyozunguka.

"Mungu, unasikia? Huyu alisema kwa woga, na woga si yeye. Mfutie. Mimi niliyenena upumbavu ndiye nitakayefunga. Ugoro hautapita puani mwangu mpaka mtoto huyu azaliwe. Nikivunja, unichukue mimi, mimi nimeshaishi. Amina."

"Amina," alisema Kinyozi.

"Amina," alisema mteja mlangoni, akainamisha kichwa chake cha pande mbili, na hakuna aliyecheka.

"Haya," mamamkwe akasema, naye ndiye aliyeishika barakoa. "Vuta, mwanangu."

Chafya alivuta. Alivuta akiwa amefumba macho, na kila pumzi iliyoingia aliingojea adhabu yake. Alingoja maumivu chini ya kitovu. Alingoja umajimaji wa vuguvugu mapajani, ule anaoujua. Pumzi ya kumi. Ya ishirini. Mluzi ulianza kupungua, kifua kikafunguka kama mlango uliovimba kwa mvua, hewa ikaingia mpaka chini, tamu hata akaona aibu kuifurahia. Na bado alingoja.

*

Nesi alimpaka kitu cha baridi tumboni na kuanza kukitembeza kidude cha kusikilizia moyo wa mtoto, chenye spika ndogo. Kilitoa sauti ya upepo. Akakihamisha kushoto. Upepo. Akakihamisha chini, akakibana. Upepo tu.

"Ameshamchukua," Chafya alisema, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Ngoja," nesi akasema.

Mamamkwe alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Kinyozi aligeukia ukuta.

Kisha ikaja. Ndogo, ya kasi, bila kupumzika, kama cherehani ya chumba cha pili inayoshona pindo refu. Nesi alikiacha kidude pale pale.

"Huyo," alisema. "Yumo."

Hapo ndipo Chafya alipolia, na akaeleza yote: mkebe, vya njano, vyeupe virefu, swali la kliniki alilolijibu hakuna, pampu iliyo chini ya sanduku. Nesi aliandika kila kitu bila kukunja uso. Shangazi alikuwa amefika kwa miguu, sufi kwenye nywele, mkebe kwapani, kama shahidi aliyeleta kielelezo mahakamani. Nesi aliumwaga kwenye sinia ya chuma. Vilikuwa vya njano, vyeupe, vya waridi, na kimoja cha bluu.

"Hiki?" nesi akauliza, akikiinua cha bluu.

"Hicho sijawahi kumpa mtu," Shangazi alijitetea. "Sikukielewa."

Nesi alivipanga kwa kidole. "Hivi vya njano vina alama, navijua. Ni vya zamani, wajawazito wengi wamevitumia miaka na miaka, na waliowafuatilia watoto wao hawakuona madhara. Ila hata hivyo tunataka uulize kwanza, maana dawa za mafua hazifanani. Nyingine zimechanganywa na za kuzibua pua, na hizo hatupendi mjamzito azimeze, hasa miezi ya mwanzo." Akafika kwenye vyeupe virefu. Alikigeuza kimoja, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha. "Hivi havina alama. Sivijui. Na asiyejua asijifanye anajua."

"Nilimeza viwili," Chafya alisema. "Labda vitatu."

"Nimeandika. Tutamwambia daktari, na tutakufuatilia."

"Mtoto atakuwa mzima?"

"Mimi si Mungu, mama. Nakwambia ninachokijua: vidonge viwili au vitatu si sababu ya kukata tamaa, na moyo wake umeusikia. Zaidi ya hapo nikikuahidi nitakuwa mwongo."

"Fundi bomba alisema dawa ndizo zinazopasua mdomo," Kinyozi alisema, sauti yake ndogo.

"Fundi bomba anajua mabomba. Mdomo kupasuka kuna sababu nyingi, na mara nyingi hata sisi hatuzijui. Tena hushonwa, mtoto akanyonya, akacheka kama wenzake. Nyie mlimwogopesha mtu kwa jambo lenye tiba, mkakaribia kumzika kwa jambo lenye tiba." Akamgeukia Chafya, na sauti ikarudi kuwa ya utulivu. "Na wewe umesikia wanavyosema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa tuambie hata la mkebe. Hatuna foleni ya kukucheka."

*

Daktari aliandika vitu vitatu: pampu, ya kutumiwa kama alivyoelekezwa bila kuifanya siri, vidonge vya aina moja tu, katika mfuko wenye jina la dawa na jina la mgonjwa, kwa siku ambazo pua itazidi, na barua ya kazini. Msimamizi aliisoma barua mara mbili, akatafuta kosa, hakulipata. Chafya akahamia chumba cha kushonea, pua na yote. Shangazi aliumwaga mkebe shimoni, akautia vifungo vya foronya.

Nyumbani mamamkwe alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Mkono ulikwenda puani wenyewe, vidole viwili vimebana hewa tupu, kisha ukakumbuka na kushuka. Alimgombeza Kinyozi kwa nywele ambazo hazikuwapo. Kikebe cha ugoro alikiosha kwa sabuni, akakianika juani siku tatu, na baadaye akakijaza vidonge vya Chafya, na juu yake akakikunja kikaratasi cha duka la dawa chenye jina, ili jina lisipotee.

Lakini hofu haikuhama. Vile vyeupe virefu, viwili au vitatu, Chafya alikwenda navyo kila mahali. Alivishona kwenye foronya, alivila pamoja na chakula, alivipeleka mbele za Mungu kila asubuhi, na Mungu hakumwambia vilikuwa vingapi. Alijifunza kusali bila kufanya biashara. "Mlinde," alisema tu. "Hata kama nilikosea. Hasa kama nilikosea." Mtoto alipoanza kucheza tumboni alimshukuru Mungu, na papo hapo akajiuliza kama anacheza sana, au kidogo mno.

Siku yake ilifika alfajiri, na jua lilipokuwa limepanda juu ya paa la kliniki, mtoto alikuwa amezaliwa. Msichana. Nesi yule yule alimfuta, akamzungushia kitambaa, na kabla Chafya hajainua mikono, mamamkwe alikuwa amemchukua.

Alimpeleka dirishani kwenye mwanga. Chafya, kitandani, hakuona uso wa mtoto. Aliona mgongo wa mamamkwe tu, na kiwiko kikisogea, na akajua kidole kilikuwa kikipita wapi, kutoka kona mpaka kona, polepole. Hakuweza kuuliza. Kifua kilianza kumbana, na chafya ikamtoka, na ya pili, maana blanketi la wodini lilikuwa na vumbi lake.

Mamamkwe aligeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Mzima," alisema. "Mzima, mwanangu. Kamili."

Akamweka mtoto kifuani kwa mama yake. Kisha akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyemaliza kifungo, akaingiza mkono kwenye pindo la nguo, akatoa kikebe chake, akakifungua na kutia vidole viwili ndani. Vidole vikagusa karatasi. Alitazama alichokishika, akasoma lile jina herufi kwa herufi, midomo ikisogea, kisha akamtazama mkwewe aliyekuwa akipiga chafya ya tatu.

Alimimina maji kwenye kikombe.

"Ugoro utangoja," alisema, akimnyooshea kidonge. "Meza, mwanangu."